Ukuta Uliousogeza kwa Ajili ya Hatua Moja

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huko uliko huna tena haja ya kuitikia, lakini mimi nimeshakusikia: marahaba yako ile ya kuvuta, inayoishia na swali. "Marahabaaa, umenyoosha mgongo?" Nimeunyoosha, Shangazi. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ukuta wako wa mawe hapa nyumbani mlimani, miguu ikining'inia upande wa shamba la Mzee Kiangi. Marehemu Mzee Kiangi, nilitaka kusema, maana naye alikufuata. Natumaini mmeshapatana kuhusu maharage.

Nina jambo la kukuambia. Lilianza Jumamosi iliyopita mjini Same na limekwisha leo asubuhi hapa hapa uwanjani kwako. Lakini wewe hukupenda mtu arukie katikati ya jambo. Pumse, ule mpangilio wako wa hatua na mapigo, inaanzia mwanzo, ulikuwa unasema, hata kama mwisho wake unaujua. Basi nivumilie nianzie mwanzo.

Mwanzo ni lile sanduku lako la bati. Ulipanda nalo kutoka tambarare, shamba la mkonge ulikokuwa mhudumu wa zahanati lilipoanza kufa na wafanyakazi wake, watu wa kila pembe ya nchi, wakarudi kwao au wakatawanyika. Wewe ulirudi kwa bibi, mama yako. Sisi watoto wa kaka yako tulilizunguka lile sanduku tukitarajia biskuti. Ukatoa kanga, ukaikunjua, na ndani mna mkanda mweusi uliochakaa nchani.

"Hiki ni nini, Shangazi?"

"Hiki ndicho kiinua mgongo changu," ukasema, ukacheka peke yako.

Hatukujua kwamba ujanani, kambini walikokuwa wakipelekwa vijana waliomaliza shule, mwalimu mmoja wa Kikorea alikuchagua miongoni mwa wasichana kwa sababu alikuambia usimame kwa mguu mmoja, ukasimama mpaka yeye akasahau kukuambia ushushe. Hadithi hiyo ulitusimulia mara nyingi, na kila mara jua lilikuwa kali zaidi na mwalimu amesahau kwa muda mrefu zaidi. Kijijini walisema unafundisha karate. Ulijitahidi kuwasahihisha, "Si karate, ni taekwondo," mpaka ukachoka. Wakakuita Shangazi Karate na ukaitika, hata kanisani.

Miaka ile sukari ilikuwa ya mgao na sabuni ilikatwa vipande. Tulikula unga wa njano wa msaada huku tumekunja nyuso. Magunia yake meupe wewe ndiye uliyekuwa unayaomba kwa majirani, ukayashona sare zetu kwa mkono. Yangu ilibaki na herufi mgongoni ambazo hazikutoka hata kwa majivu. Elieza, mtoto wa jirani tuliyekuwa tunajifunza naye, alikuwa ananipigia kelele nikipita: "Pisheni, unga unakuja!" Na wewe, badala ya kunitetea, ulicheka mpaka ukakaa chini.

Sisi tulitaka kupigana. Elieza alikuwa ameona picha za video pale Same, watu wanaruka wanapasua matofali, akaja akatusimulia tukatamani tofali lililo karibu. Wewe ukatupa pumse. Tulinung'unika. Pumse ni nini? Mtu yuko peke yake, anazuia ngumi ambayo haipo, anapiga teke hewani, anageuka, anasonga mbele, anarudi, na mwisho lazima asimame palepale alipoanzia. Bibi alikuwa anapita na ndoo ya maji akatuangalia kwa huruma. "Hawa watoto wanagombana na nini?" akakuuliza. "Na wao wenyewe, mama," ukamjibu.

Mimi hiyo "palepale alipoanzia" ndiyo iliyoniingia. Ulikuwa unatangaza kwa Kikorea chako cha kambini, "Baro!", kwamba rudi, simama, imekwisha. Nikifungua macho nakuta visigino vyangu viko kwenye kile kipara cha udongo nilichotokea. Nilikuwa najisikia mtu aliyekwenda mbali akarudi salama. Sijawahi kukuambia hivyo kwa sababu ungesema nimeanza kupiga domo.

Ulitufundisha pia kuamua, na hilo ndilo sijaliona kwa mwalimu mwingine yeyote. Mmoja anacheza, sisi wengine tumekaa kwenye ukingo wa shamba la juu, kila mtu na majani mawili ya mgomba, moja bichi na moja kavu. Wakicheza wawili, mmoja baada ya mwingine, ukipiga makofi tunainua jani la yule aliyeshinda. Kisha ukatupitia mmoja mmoja: kwa nini? Ole wake aliyesema, "Kwa sababu amerusha mguu juu sana." Ulimnyang'anya majani yote.

"Usiangalie mguu uliopanda," ulikuwa unasema. "Huo kila mtu anauona. Angalia ule uliobaki chini."

Sasa nifike kwenye ngazi yenyewe, uwanja wetu. Wewe unajua, lakini barua hii huenda wakaisoma watoto anaowafundisha Elieza mjini, na wao wamekulia kwenye uwanja wa shule. Mashamba yetu huku ni ngazi, kila ngazi imekingwa kwa ukuta wa mawe ili udongo usikimbilie bondeni. Ile aliyokupa bibi ilikuwa pana kwa magimbi lakini finyu kwa pumse. Nyuma kulikuwa na mgomba, na mbele ukingo. Chini ya ukingo, kimo cha mtu mzima, ndiyo shamba la Mzee Kiangi. Siku za mwanzo Elieza alisonga mbele kwa teke zuri sana, akatua kwenye maharage. Mzee Kiangi alikuja amebeba mche uliong'oka, mizizi juu.

"Mwalimu," akasema, "hawa wanajifunza kupigana na nani? Na mimi?"

Ndipo ukatunga dawa. Hatua ya mwisho ya kwenda mbele, kabla ya kugeuka, ukasema tuile nusu. Na tukirudi, tuile nusu tena, ili tuishie palepale tulipoanzia. Tukaiita kula hatua. Ukienda unakula, ukirudi unakula. Ukisahau kula wakati wa kwenda, unaanguka kwa Mzee Kiangi. Ukisahau wakati wa kurudi, jani la mgomba linakupapasa kisogoni.

"Lakini kwenye uwanja wa maana msile," ulituonya. "Huku tunakula kwa sababu ya shida." Tukaitikia ndiyo, kama tulivyoitikia mambo mengine yote ya shida miaka ile.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Sukari ikajaa madukani, sabuni zikaja za kila rangi zenye kunukia, na kazi ndizo zikawa hazionekani. Kaka yako, baba yangu, alirudishwa nyumbani na kiwanda kilichokuwa kinatafuta mnunuzi. Elieza alishuka Same kutafuta maisha. Mimi nilikuwa na umri wa kuoa na sina hata kuku. Wewe ulikuwa unazunguka kwenye marundo ya mitumba pale Same, na siku moja ukarudi na sare halisi, nyeupe, nzito, ya mtu mnene sana, kifuani imedariziwa jina tusiloweza kulisoma. Uliipunguza ikanikaa. Nilipoivaa ulinizunguka ukiinusa, ukasema, "Huyu bwana alikuwa anakula vizuri."

Nayo ndiyo niliyoivaa Moshi. Unajua kilichokuwa kinangojewa pale. Mshindi wa pumse katika mashindano yale ya mkoa alikuwa anakwenda Dar kuchukuliwa na timu ya shirika moja, na siku zile kuchukuliwa na timu ilikuwa ndiyo ajira: unapewa kazi, chumba na mahali pa kula, unacheza kwa jina lao. Wifi yako, yaani mama yangu, alishawaambia majirani kwamba nakwenda Dar, na alishaanza kugawa kitanda changu.

Waamuzi walitakiwa watatu, na mmoja hakutokea. Mkubwa wao, mzee mmoja mpole mwenye filimbi, alizunguka ukumbini akiuliza nani mwingine ana cheti cha uamuzi. Alikuwa nacho mtu mmoja tu, wewe, uliyekuwa umekaa nyuma umeshika chupa yangu ya maji. Akamwuliza mwalimu wa mpinzani wangu kama wana pingamizi. "Hatuna neno," yule mwalimu akasema, nafikiri kwa adabu, kwa sababu uso wake ulikuwa na neno kubwa tu. Vijana waliotoka Same walishangilia. Mmoja akanikumbatia kabisa na kuniambia mambo yamekwisha.

Mpinzani wangu alikuwa kijana mwembamba wa palepale mjini, hana makeke. Alicheza pumse yake kama mtu anayefagia uwanja wa kwao, taratibu, kila pembe, akamaliza amesimama juu ya msalaba wa chaki aliotokea. Watu wakapiga makofi ya heshima. Nikaingia mimi. Shangazi, nilicheza! Sare ile nzito ilikuwa inalia kila nikipiga. Nilipopiga kelele ya mwisho ukumbi mzima uliitikia. Nikasimama, kifua kinapanda na kushuka, na sikutazama chini kwa sababu sikuona sababu ya kutazama.

Filimbi ikalia. Mimi nilikuwa wa nyekundu, mpinzani wangu wa buluu. Bendera ya kwanza ikawa nyekundu, ya pili buluu. Nikageuza shingo kwako huku nimeshaanza kutabasamu.

Ulikuwa umeinua buluu. Mkono umenyooka, macho mbele, kama ulivyotufundisha: mwamuzi haangalii uso wa mtu, anaangalia mahali pumse ilipochezwa. Watu wa Moshi wakalipuka, wengine nadhani kwa mshangao tu. Sikusikia vizuri. Nilikuwa nasikia sauti ya mama anagawa kitanda.

Tulifika Same jioni, tukakaa juu ya mizigo yetu kungoja gari la kupanda mlimani. Wewe ndiye uliyeanza.

"Ulikula," ukasema.

"Nilikula nini?"

"Hatua. Pale pa kugeuka. Umeona ukingo wa bibi katikati ya ukumbi wa saruji. Halafu ukarudi mzima mzima, hukula, kwa sababu hapakuwa na jani la kukugusa. Umesimama nyuma ya chaki yako."

Nilitaka kubisha, lakini miguu yangu ilikuwa inajua. Nikasema lililokuwa karibu: "Si wewe uliyenifundisha kula?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Sasa?"

"Kosa ni langu. Ila yule kijana alirudi nyumbani kwake, wewe hukurudi. Bendera haina shangazi."

Nilinuna, Shangazi, na nadhani nilikuwa na haki ya kununa. Wifi yako hakukusemesha mpaka Pasaka. Mimi sikungoja Pasaka, nilishuka Nyumba ya Mungu kubeba matenga ya samaki, kazi isiyotaka mtu arudi alipoanzia, anachotakiwa ni kufika kwenye gari kabla samaki hawajaharibika. Ule mlango wa Dar haukufunguka tena. Yule kijana alichukuliwa, akapata kazi yake, na nasikia alijenga. Sikumwonea kijicho sana. Hasira zangu zote nilikuwa nimekutunzia wewe.

Habari zako nilizipata kwa mama mmoja wa Gonja aliyekuja kununua samaki. "Shangazi yako ana wazimu wa mawe," akaniambia huku anachagua perege. "Anabomoa ukuta wa mama yake."

Sikuelewa. Nilidhani ni uzee unakuja mapema. Nilipopanda kwa Krismasi ndipo nikaona, na bibi ndiye aliyenisimulia, maana wewe ulijitia hamnazo. Ulikwenda kwa Mzee Kiangi kumwomba kipande cha shamba lake la chini ili usogeze ukuta mbele. Akakuuliza utampa nini. Ukampa kile kipande chako cha majimaji kando ya mfereji, chenye magimbi yaliyokulisha kiangazi chote. Mzee Kiangi mwenyewe alipigwa na butwaa, akarudi jioni kukuuliza kama una homa.

Kisha ukaitisha msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Watu walivunjika mbavu. Msaragambo ni wa barabara, wa shule, wa kuzibua ndiva, bwawa letu, maji yapate kufika mashambani. Msaragambo wa karate? Lakini ulipika makande sufuria kubwa, na watu wakaja, nusu kwa makande na nusu kwa kukuona. Walibeba mawe. Wewe ulipanga ukuta kwa mikono yako, na hukumruhusu mtu mwingine apange safu ya chini. Udongo wa kujazia uliubeba kwa karai kutoka kule mferejini, udongo wa magimbi yako mwenyewe.

Ulikuwa umesimama pale mlangoni, viganja vimepasuka, umejipaka mafuta ya nazi. Hukunipa pole ya safari. Ulisema, "Panda uwanjani."

Nikapanda na viatu vyangu vinavyonuka samaki. Nikavivua, nikaanza. Nilipokaribia pa kugeukia miguu ikataka kula, kama kawaida yake. Ukasema kwa sauti ndogo, "Pita." Jiwe moja jeusi la ukuta wa zamani ulikuwa umeliacha palepale, limezikwa usawa wa udongo, likionyesha ukingo ulipokuwa. Nikapita juu yake. Nyayo zangu zikasikia ubaridi wa lile jiwe, na mbele yake udongo mpya uliokuwa bado laini. Nikageuka kule, nikarudi na hatua nzima. "Baro," ukasema. Nikatazama chini, na visigino vyangu vilikuwa kwenye kipara.

Hatukusema samahani wala asante. Bibi akatuita kula. Nadhani wote wawili tulilia kidogo, kila mtu na upande wake, tukasingizia moshi wa kuni.

Miaka imekwenda, Shangazi. Nilipata biashara yangu ya samaki, nikapata duka Same, nikapata cheti cha uamuzi na baadaye nikaitwa kuamua mpaka mikoa ya jirani. Ulipoanza kuumwa nilikuwa napanda kila Jumapili. Siku moja umelala kitandani, bado mkali, ukaniuliza, "Ile bendera bado unaikumbuka?"

"Nilishaisahau zamani," nikasema.

"Mwongo wewe," ukasema, ukafumba macho ukitabasamu. Ulikuwa sahihi. Niliikumbuka kila siku. Nilikuwa nimeacha kuichukia, ila sikuwa nimejua jinsi ilivyokuwa upande wa pili, kwenye mkono wenyewe. Nilidhani kwako ilikuwa rahisi kwa sababu mkono wako haukutetemeka.

Jumamosi iliyopita ndipo nilipojua.

Tulikuwa na mashindano ya vijana kwenye ukumbi wa Same. Mijini siku hizi alama zinaandikwa kwenye mashine, ila huku bado tunainua bendera. Elieza alileta watoto wake wa mjini anaowafundisha kwenye uwanja wa shule, mmoja wao binti anaitwa Namsifu. Mshindi wa wasichana alikuwa anapata nafasi kwenye shule moja ya Dar yenye mafunzo ya michezo, kusomeshwa mpaka amalize. Mama yake Namsifu anauza mboga pale sokoni. Hakuna mtu ukumbini ambaye hakulijua hilo.

Mpinzani wake alitangulia, akacheza vizuri, akarudi kwenye utepe wake. Kisha akaingia Namsifu. Shangazi, ungemwona! Mabega yake yametulia, shingo imenyooka, ngumi inatoka na kurudi kiunoni bila haraka. Nilikuona wewe. Sikujua kama mtu anaweza kumwona marehemu kwenye ngumi ya mtoto asiyekuwa wa ukoo wake, lakini nilikuona, na moyo ulinienda mbio kwa furaha.

Akakaribia pa kugeukia. Akala.

Nusu ya hatua, vilevile, kwenye ukumbi tambarare, mahali ambapo hapajawahi kuwa na ukingo. Huyu mtoto hajawahi kufika huku juu. Hajawahi kumwona Mzee Kiangi wala mgomba. Elieza aliondoka mlimani kabla hujausogeza ukuta, akashuka na hatua yetu iliyoliwa, akaifundisha hivyo hivyo kama vile ndivyo Wakorea walivyoitunga. Nikajisemea moyoni, mwanangu, basi kula na ukirudi. Akarudi mzima mzima, akasimama nyuma ya utepe, kifua kinapanda na kushuka, hatazami chini.

Nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni na bendera mbili mapajani. Najua mtu anayesoma hapa atadhani mwamuzi anafikiri mambo makubwa. Mimi nilifikiria mboga za mama yake. Nilifikiria kwamba lile kosa ni lako, na kumkata yeye ni kukukata wewe kaburini. Nikafikiria pia yule binti mwingine, ambaye hana shangazi kwenye kiti chochote, na ambaye alirudi kwenye utepe wake. Filimbi ikalia. Mkono wangu ulikuwa mzito, Shangazi. Sijawahi kubeba tenga la samaki zito hivyo.

Nikainua ya yule mwingine. Mwenzangu mmoja aliinua ya Namsifu na mwingine kama mimi. Basi ikaisha.

Elieza alinifuata nje amefura. "Kaka, unaniua! Mtoto wa Shangazi Karate huyu, unamfanyia hivi?"

"Amekula," nikasema.

Alikuwa hajalisikia neno hilo kwa muda mrefu sana. Nikaona linavyomwingia polepole, anatazama miguu yake mwenyewe. "Yesu wangu," akasema. "Nimewafundisha wote hivyo." Namsifu alikuwa nyuma yake, macho yamevimba, ananiangalia kama nilivyokuangalia wewe Moshi. Nikamwambia, "Jumamosi ijayo Mwalimu Elieza atakuleta mlimani. Nataka nikuonyeshe kitu."

Hawakulazimika kuja, ila wamekuja leo, na mama yake pia, amefunga genge lake la mboga na kuvaa nguo ya kanisani. Uwanja wako siku hizi mpwa wako mdogo anaanikia tangawizi, usikasirike, inamsomesha. Tumeondoa mikeka. Nikamwambia Namsifu acheze bila kumweleza neno. Akaja mpaka pale, na mguu wake ukaanza kula, nao ukatua juu ya lile jiwe jeusi. Akasimama katikati ya pumse, jambo ambalo wewe ungemtoa nje kwa kulifanya, akatazama chini.

"Hili jiwe ni la nini?"

Nikamweleza. Ukingo wa bibi, maharage, jani la mgomba. Nikamweleza Moshi na ile bendera ya buluu. Nikamwonyesha kule chini, kando ya mfereji, kipande cha majimaji ambacho watoto wa Mzee Kiangi wanakilima mpaka leo. Elieza alikuwa amekaa juu kwenye ukingo, mkono usoni. Mama yake Namsifu akauliza, "Kwa hiyo alitoa shamba lake zuri kwa ajili ya hatua moja?"

"Nusu ya hatua, mama," nikasema.

Namsifu alirudi kwenye kipara akaanza upya. Alipolikaribia jiwe nilifungua mdomo nimwambie lile neno lako, halafu nikaona halihitajiki. Alipita. Akageukia kule mbele, ukutani kabisa, kidole gumba cha mguu kikigusa jiwe la safu yako ya juu, akarudi na hatua nzima nzima. Nikatangaza mimi, lakini sauti haikuwa yangu.

"Baro."

Akatazama chini. Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi iliyopita akanisalimia. "Shikamoo, mwalimu."

Nafasi ile ya Dar haiwezi kurudi, nami sikumdanganya kwamba itarudi. Elieza ameahidi kuanza upya na watoto wote, akiwaleta hapa mmoja mmoja wakanyage jiwe. Mimi nimebaki nyuma kukuandikia. Nimekukumbuka sana leo, Shangazi, na kwa mara ya kwanza sikumbuki bendera, nakumbuka viganja vyako. Natamani ningevishika siku ile ya Krismasi badala ya kusingizia moshi.

Nikimaliza kuandika nitavua viatu nicheze mara moja, polepole, magoti yangu si yale. Nitaishia palepale. Pumzika, mama yangu wa upande wa baba, mwalimu wangu, mwamuzi wangu. Sina pingamizi.

Ni mimi mtoto wa kaka yako,
yule wa gunia lenye herufi mgongoni.